Siku ya Kura, Sisi Wageni Tulipumzika

Nimesikia mmepanga kwenda kuogelea Chemka siku ya uchaguzi. Nimeambiwa na yule mwenzenu wa Fizikia, ambaye siri haikai kinywani mwake hata ungemziba kwa plasta. Mtakodi Noah, mtabeba nyama ya kuchoma, na shule itakuwa kimya kwa sababu wenyeji wamekwenda kupiga kura. Sina ugomvi na maji ya Chemka, nami nimeogelea humo enzi ambazo magoti yangu yalikuwa bado yananitii. Lakini kabla hamjapanda gari, mnipe muda kidogo. Mimi ni Madam Nambozo, mstaafu wa Rau, mwalimu wa Hisabati niliyekuja huku nikiwa na umri wenu, mgeni kama ninyi, na chaguzi nyingi za nchi hii nimezipitisha nikiwa nimekaa barazani kwenye nyumba ya walimu.

Kwetu ni Bugisu, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kwetu kuna kahawa na migomba, na huku nilikuta kahawa na migomba, kwa hiyo nilipoteremka Mwika kuja shule yenu mara ya kwanza nilijiona nimefika nyumbani. Huo ulikuwa ujinga wa ujana. Wiki ile ile nilimenya ndizi, nikazifunga kwenye majani ya mgomba na kuziweka sufuriani zipikwe kwa mvuke, kama mama alivyonifundisha. Mama Manka, mpishi wa shule, alisimama mlangoni kwangu akatazama furushi lile kwa muda mrefu.

"Madam," akasema, "hizo unazipika au unazizika?"

Ndivyo tulivyofahamiana. Kesho yake aliniletea bakuli la mtori, nami nikakubali, kwa shingo upande, kwamba Wachagga nao wanajua kitu cha kufanya na ndizi. Mpaka leo hajakubali kwamba sisi tunajua.

Mengine niliyachemsha darasani. Wanafunzi walisimama wote wakaniamkia, "Shikamoo Madam." Nilidhani ni salamu ya kubadilishana, nami nikawajibu "Shikamoo" kwa sauti kubwa na heshima zote. Kidato cha kwanza kizima kililala juu ya madawati kwa kicheko. Nawaambia haya kwa sababu najua nanyi mtaaibika, na mkiaibika chekeni pamoja nao. Mwalimu mgeni anayenuna siku ya kwanza ataitwa jina la utani mpaka siku anayofunga virago.

Kiswahili changu kilikuwa kibovu, lakini hesabu hazikuwa na shida. Nilifundisha sehemu kwa kutumia mkungu wa ndizi niliouning'iniza ubaoni. Watoto wa mlimani wanajua chana kabla hawajajua namba, na ukiwaambia wagawe chana zile kwa watoto wa nyumba moja, hata yule anayelala darasani anainua kichwa. Siku hizi mnawasha projekta, na wanafunzi wanapiga picha ukutani kwa simu badala ya kuandika. Sijui kama ni vibaya. Najua tu kwamba picha ikishapigwa, hakuna anayeiangalia tena.

Sasa tuje kwenye pasipoti, maana hapo ndipo ninapowataka.

Mnajua utaratibu wetu. Vibali vikikaribia kuisha, karani wa shule anapita kukusanya pasipoti za walimu wageni, anazipeleka Uhamiaji, na zikirudi anazifungia ofisini mpaka mwenyewe aje asaini na kuchukua. Enzi zangu karani alikuwa Bwana Mhando, mtu wa Lushoto, mpole, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Aliishi hapo hapo shuleni. Kila sikukuu ungemkuta ofisini na redio yake ndogo, akipanga mafaili ambayo hayakuhitaji kupangwa. Krismasi yupo, Pasaka yupo, Saba Saba yupo. Tulizoea hivyo, na ilipofika pasipoti tulikuwa wavivu. Pasipoti inarudi, inakaa wiki mbili kabatini, na mwenyewe ana habari lakini anasema nitakwenda kesho. Otieno, mwalimu wa Kemia aliyetoka Kisumu, aliwahi kuiacha ya kwake humo muhula mzima. Alisema kule ni salama kuliko chumbani kwake, na aliyekiona chumba chake hakuweza kumpinga.

Na siku ya uchaguzi nayo ilikuwa na desturi zake. Wenyeji walikuwa wanatawanyika, maana kila mtu anapiga kura pale alipojiandikisha. Huyu kaenda Marangu, yule Rombo, mwingine Same. Sisi wageni tulibaki na shule tupu na mlima wetu. Mkuu wa shule, Mama Ndeshi, alitukumbusha kila mara: msivae rangi ya chama chochote, msisimame kwenye vikundi vya watu, msitoe maoni hata mkiulizwa kwa upole. Otieno alisahau mara moja. Alivaa shati jipya kwenda buchani, hakujua ni rangi ya nani. Nusu ya waliokuwa buchani walimkumbatia na nusu nyingine wakamtaka ajieleze. Alirudi amelivaa kinyume, mishono nje, na nyama hakununua. Tulikula dagaa zake siku hiyo, tukacheza karata, tukaongea Kiingereza kibovu na Kiswahili kibovu, na jioni wenzetu wakarudi na vidole vyenye wino wakitutania kwamba sisi ni watalii.

Nilicheka. Lakini nitawaambia kitu ambacho kilikuwa kinaniuma. Uchaguzi wa kwetu Uganda unaangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati huku shule zimefunguliwa tu. Kwa hiyo siku ya kura za Watanzania nilipumzika, na siku ya kura za kwetu nilikuwa darasani nafundisha aljebra. Sikuwahi kupiga kura kwetu, na huku haikuwa haki yangu. Nimefundisha watoto waliokuja kuwa madiwani, nami sijawahi kudumbukiza karatasi kwenye sanduku lolote maishani mwangu.

Baba yangu alilijua hilo, na lilimsumbua kuliko lilivyonisumbua mimi. Alikuwa mkulima wa kahawa. Nilipopata kazi huku alikata kipande cha shamba lake akakiandikisha kwa jina langu kwenye ushirika wa kijiji, ingawa watu walisema binti wa mbali hana haja ya shamba. Alitaka niwe mwanachama. Akasema hata kama serikali zote mbili hazinijui, ushirika utanijua.

Ushirika ule haukutumia karatasi. Uchaguzi ulikuwa wa kupanga mstari. Wagombea wanasimama uwanjani wameutazama mlima, mgongo kwa watu, na wanachama wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka mhesabuji amalize. Na nafasi ya kwanza, ile ya mgongoni kabisa kwa mgombea, ni ya mtu wa nyumbani kwake. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila nafasi hiyo ikichukuliwa na mtu baki, kijiji kinajua kwamba nyumbani mwako hawakukubali.

Mwaka mmoja Baba akanipigia simu. Alikuwa ameombwa agombee uenyekiti wa ushirika, baada ya kukataa mara nyingi.

"Nambozo, nimekubali," akasema. "Mkutano ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Njoo usimame nyuma yangu."

Nilitazama kalenda ya ukutani. Jumatano ya wiki ile ilikuwa siku ya uchaguzi huku Tanzania. Mapumziko. Nilikuwa na uhakika Mungu ameipanga kalenda kwa ajili yangu. Nitaondoka Moshi Jumatano asubuhi kwa basi la Nairobi, nitaunganisha la usiku mpaka Mbale, na Alhamisi jua halijapanda nitakuwa uwanjani. Mama Ndeshi akanipa ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa bila kusita, akaniambia nimsalimie mgombea. Otieno akaenda stendi kuuliza, akarudi na habari kwamba mabasi yatakuwa machache lakini lipo moja litakaloondoka saa nne. Nikamwambia Baba nakuja. Akaanza kuniuliza habari za mvua, na mimi ninayemjua nilielewa kwamba amefurahi sana.

Jumatatu ya wiki hiyo Bwana Mhando alichungulia kwenye chumba cha walimu. Akasema pasipoti zimerudi kutoka Uhamiaji, kila mtu apite asaini achukue. Nilikuwa nimezama kwenye rundo la mitihani ya kidato cha pili, kalamu nyekundu mkononi. Nikamwambia asante Bwana Mhando, nitapita nikipata nafasi. Moyoni nikajiambia Jumatano asubuhi, kabla ya basi, kwa sababu Jumatano ni sikukuu na nitakuwa na muda. Kutoka pale nilipokaa mpaka ofisini kwake palikuwa ni kuvuka kibaraza tu.

Mnaona kosa lenyewe. Kwangu mimi siku ile ilikuwa sikukuu, kama Krismasi, siku ya Bwana Mhando kukaa na redio yake. Sikukumbuka hata kidogo kwamba kwa Bwana Mhando ilikuwa siku yenye shughuli kuliko zote.

Jumatano saa mbili nikaenda ofisini na begi langu, nimevaa gauni jipya la kitenge nililolishona kwa ajili ya mkutano. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi. Akaniambia Bwana Mhando ameondoka jana mchana kwenda kwao Lushoto kupiga kura, kwani sikujua? Alijiandikisha huko kabla hajahamia kwetu. Nikapiga simu yake, imezimwa. Nikapiga tena na tena mpaka mlinzi akaacha kunitazama.

Nikamkimbilia Mama Ndeshi. Nilimkuta anatoka nyumbani kwake amevaa nguo za kanisani, kitambulisho chake cha mpiga kura kiko mkononi. Alirudi ndani bila kuuliza maswali mengi, akachukua ufunguo wa akiba, akanifungulia ofisi. Ndani kulikuwa na kabati la chuma, na ufunguo wa kabati lile alikuwa nao Bwana Mhando peke yake. Tulisimama mbele yake sote wawili. Nilimwomba aite fundi alivunje.

"Madam, humo mna vyeti vya watoto wote wa shule hii," akasema taratibu. "Nikilivunja leo, siku ambayo polisi wako kila kona, nitawaambia nini?"

Akanishika bega, akasema pole, kwamba inambidi awahi foleni kabla haijawa ndefu. Nilimtazama akishuka njia ya migombani na wenzake, watu wengi, wanaongea na kucheka, kila mmoja anajua anakokwenda. Niliwaonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu.

Otieno alikuwa na wazo lake. Alisema twende Holili mpakani, bodaboda wa pale wanajua njia za mashambani, jioni nitakuwa Kenya bila kugongwa muhuri wowote, na Kenya ataongea na binamu zake. Nilikaa juu ya begi nikalifikiria. Kisha nikakataa. Nilikuwa mgeni mwenye kibali kipya, na mgeni akikamatwa kichakani siku ya uchaguzi hakuna atakayeamini kwamba anakwenda kwenye mkutano wa kahawa. Mpaka leo nadhani nilikuwa sahihi, na mpaka leo usahihi huo haujanipa usingizi mzuri. Ninyi msipite huko. Nawaambia tu kwamba nililifikiria.

Saa nne ikapita. Otieno akapika, sikula. Mchana Mama Manka alitoka kupiga kura, kidole kina wino, akaniletea mtori akakaa kando yangu bila kunitania. Ndipo Bwana Mhando akapiga simu. Alikuwa foleni tangu asubuhi, simu kaizima. Nikamweleza.

"Madam," akasema, "ungeniambia tu Jumatatu. Ningekuletea mwenyewe pale mezani kwako."

Alisema kweli, angeniletea. Akaahidi kupanda basi usiku ule ule, na Alhamisi alifika amechoka, sweta limejaa vumbi, akaniwekea pasipoti mkononi kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Wakati huo Baba alikuwa tayari amesimama uwanjani.

Nilikuwa nimempigia Baba jioni ya Jumatano. Nilimwambia pasipoti imefungiwa na mwenye ufunguo yuko mbali. Alisema sawa, mambo ya ofisi yako hivyo. Alhamisi jioni alinipigia yeye. Alikuwa ameshindwa.

"Tena nimeshindwa kwa wengi," akasema. "Kura yako isingeniokoa, usijisumbue."

Nami sikujisumbua, au nilijitahidi. Miaka mingi niliegemea sentensi ile. Nilipoanza kujilaumu nilijiambia hesabu iko wazi, mimi ni mwalimu wa Hisabati, mtu mmoja hajazi pengo kubwa namna ile. Niliendelea kufundisha. Nilikwenda kumwona likizo, tukakaa jikoni, tukaongea habari za mvua. Hakulitaja na mimi sikulitaja.

Baba alipofariki nilifika mapema, maana wakati huo pasipoti ilikuwa inakaa kwenye pochi yangu mchana na usiku. Baada ya mazishi nilikaa na mdogo wangu Mafabi nyuma ya nyumba, karibu na kile kipande changu cha kahawa. Alikuwa anachezea jani, kisha akasema kuna kitu hakuwahi kuniambia kuhusu siku ile ya mkutano.

Alisema wagombea walipokwisha kusimama, yeye Mafabi alikwenda mbele kuchukua nafasi ya kwanza nyuma ya Baba, kwa kuwa mimi sikuwepo na nyumba haiwezi kuacha pengo. Baba hakugeuka, sheria haimruhusu. Lakini alisikia hatua zikimkaribia, akamjua mwanawe kwa mwendo.

"Rudi nyuma kidogo," akamwambia. "Hapo pana mtu."

Mafabi akarudi. Mstari ukaanzia pale aliposimama yeye. Mhesabuji alipopita alihesabu kuanzia kwa Mafabi, na watu waliona ile nafasi tupu mgongoni kwa mzee, wengine wakanong'ona. Baba aliendelea kuutazama mlima mpaka hesabu ikaisha.

Basi hesabu yangu yote ya miaka mingi ikaanguka pale pale. Mimi nilikuwa najumlisha kura, yeye hakuwa anahesabu kura. Ningekuwepo angeshindwa vile vile, ila angeshindwa akisikia pumzi yangu nyuma yake. Nililia mpaka Mafabi akajuta kuniambia, nami nikamwambia asijute.

Kwa hiyo walimu wangu, kwanza kabisa, pasipoti ikirudi, ichukueni siku ile ile, hata kama kalamu nyekundu iko mkononi na mitihani inawasubiri. Mitihani haina miguu. La pili ni gumu kulisema. Siku mnayopewa kupumzika kwa sababu wenzenu wana shughuli si yenu, hata mlale hadi mchana. Ulizeni kila mtu anakwenda wapi siku hiyo na anarudi lini. Mimi nilikaa na watu wale miaka yote, nikala chakula chao, na sikuwahi kumuuliza Bwana Mhando anapigia kura wapi.

Chemka nendeni, maji yale hayana kosa. Msinialike tu, kwa sababu siku hiyo nina kazi. Mama Manka naye alistaafu, anakaa kwa mwanawe kichochoro cha pili kutoka kwangu hapa Rau. Magoti yake ni mabovu kuliko yangu, hawezi kusimama foleni ndefu. Uchaguzi uliopita nilitoka naye alfajiri mpaka kituoni. Nilimketisha kwenye kigoda ukutani, mimi nikaenda kusimama kwenye mstari badala yake, hatua kwa hatua, mpaka tulipokaribia mlango. Hapo nikatoka pembeni, nikamwita, naye akaanza kunyanyuka taratibu akishikilia ukuta.

Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliona pengo, akapiga hatua aingie. Alikuwa na adabu, aliniamkia kwanza, akaniuliza kama siingii. Nikamwambia mimi si wa hapa, sina kura. Akasema basi, mama, nafasi iko wazi.

Nikanyoosha mkono nikamzuia.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Hapo pana mtu."